Kulipia kinga ya tarakilishi nyumbani: Ni busara au ni kutishwa tu?

KUNA kidirisha kidogo ambacho huwajia Wakenya wengi wenye tarakilishi nyumbani, aghalabu usiku wanapotaka kumaliza shughuli zao wakalale. Huibuka kwenye pembe ya skrini kikiwa na rangi nyekundu na alama ya mshangao. Husema kwamba programu ya bure ya kukinga virusi iliyomo haitoshi tena, na kwamba mwenye mashine anapaswa kulipa ada ya mwaka ili apate kinga kamili.

Majuzi kilizuka nyumbani kwangu. Binti yangu, ambaye yuko mwaka wa nne katika chuo kikuu na ndiye hasa anayeitumia mashine hiyo, aliniita sebuleni. "Baba, wanasema tuko hatarini. Tulipe?" Kwa kuwa sikuwa na jibu la papo hapo, nilimwomba anipe siku mbili nilichunguze suala hilo.

Huenda msomaji akaliona kuwa jambo dogo lisilostahili uchambuzi gazetini. Hata hivyo, hebu atafakari yaliyomo ndani ya mashine hizo. Mna picha za wazee waliokwisha kututoka, nakala za hatimiliki za mashamba, risiti za karo, mradi wa mwanafunzi aliyeuandika kwa mwaka mzima, na nywila za iTax, eCitizen na benki. Mashine yenyewe ikiharibika hununuliwa nyingine. Hayo mengine hayana duka.

Kwa upande mwingine, ada inayodaiwa ni maelfu kadhaa ya shilingi kila mwaka. Katika nyumba nyingi hiyo ni fedha ya chakula au nauli, na si ya kutolewa kwa sababu tu mtu ametishwa na rangi nyekundu. Ndiposa ni muhimu kujua kinachouzwa ni nini.

Tulikotoka

Wanaokumbuka mwanzo wa karne hii watakumbuka jinsi virusi vilivyokuwa janga. Mnamo Mei 4, 2000, baruapepe iliyobeba maneno ya mapenzi, ILOVEYOU, ilianzia Ufilipino na kuenea ulimwenguni kwa muda wa saa chache, ikiharibu faili za kila aliyefungua kiambatisho chake. Mwaka 2008 kikaja kirusi cha Conficker, ambacho kilisambaa kupitia mitandao ya ofisi na pia kupitia flashi.

Hapa nchini, flashi ndiyo iliyokuwa mbu wa ugonjwa huo. Mtu alikwenda saiba kuchapisha barua ya kuomba kazi, akarudi nyumbani na virusi vilivyogeuza folda zake zote kuwa vijialama visivyofunguka. Intaneti yenyewe ilikuwa ghali na ya kukokota hadi nyaya za baharini za TEAMS na Seacom zilipofika Mombasa mwaka 2009.

Katika mazingira hayo, programu za bure kama vile AVG, Avast na Avira zilikuwa msaada mkubwa. Masharti yake yalikuwa mepesi: mtu azitumie nyumbani, si kazini. Kampuni husika zilitarajia kwamba baadhi ya watumiaji wangeridhika nazo, kisha wanunue toleo la kulipia.

Hali ilianza kubadilika Septemba 2009 kampuni ya Microsoft ilipotoa programu yake ya bure ya kukinga virusi, Security Essentials. Mwaka 2012 ilipozindua Windows 8, iliiweka kinga hiyo ndani ya mfumo endeshi wenyewe kwa jina la Defender. Kuanzia hapo, kila aliyenunua tarakilishi yenye mfumo wa Windows alikuwa tayari na mlinzi langoni hata kabla ya kupakua chochote.

Ni kweli kwamba katika miaka ya mwanzo mlinzi huyo alikuwa dhaifu, na katika majaribio ya maabara huru alikuwa akishika mkia. Siku hizi mambo ni tofauti. Maabara za AV-TEST nchini Ujerumani na AV-Comparatives nchini Austria, ambazo hupima programu hizi mara kwa mara, zimekuwa zikiiweka Defender bega kwa bega na programu zinazouzwa. AV-TEST imeipa mara nyingi alama zote sita katika kitengo cha kinga.

Tofauti i wapi?

Swali linalofuata ni hili: anayelipa huongezewa nini? Jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba, kwa kawaida, toleo la bure na toleo la kulipia la kampuni moja hutumia injini ile ile ya kutambua virusi. Orodha ya virusi vinavyojulikana huwa ni ile ile, na mbinu za kuchunguza mienendo ya programu zenye kutiliwa shaka hazitofautiani sana.

Kinachoongezwa ni vitu vya pembeni. Hujumuisha ukuta wa kuzuia miunganisho isiyotakikana, hifadhi ya nywila, huduma ya kuficha njia anayopitia mtu mtandaoni, udhibiti wa tovuti zinazotembelewa na watoto, na ruhusa ya kuweka kinga kwenye vifaa kadhaa kwa leseni moja. Aidha, anayelipa hupata mtu wa kumpigia simu anapokwama.

Vingi kati ya hivyo tayari vimo ndani ya mashine. Windows imekuwa na ukuta wake uliowashwa tangu mwaka 2004. Vivinjari vya Chrome, Firefox na Edge huhifadhi nywila bila malipo. Microsoft ina huduma ya bure ya wazazi kusimamia matumizi ya watoto. Hata uwezo wa kuzuia programu ngeni zisiguse folda zenye nyaraka umo katika Windows tangu mwishoni mwa 2017, ingawa lazima mwenyewe auwashe.

Isitoshe, bei inayotangazwa aghalabu ni ya mwaka wa kwanza. Anayesajili kadi yake ya benki hujikuta akikatwa fedha mwaka wa pili bila kuulizwa, na mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Ada yenyewe huwa kwa dola. Mkenya aliyejisajili kabla ya dola kupita Sh160 mnamo Januari 2024 anajua maana ya deni la aina hiyo.

Cha bure nacho hulipiwa

Haya yasichukuliwe kuwa sifa kwa kila kitu cha bure. Kampuni inayotoa programu bila malipo lazima ipate fedha mahali fulani, na ni wajibu wa mtumiaji kuuliza ni wapi.

Mnamo Januari 2020, wanahabari wa Marekani walifichua kwamba kampuni ya Avast ilikuwa ikikusanya orodha za tovuti zilizotembelewa na watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot. Watu walioiweka programu hiyo ili wasichunguzwe na wadukuzi, walikuwa wakichunguzwa na mlinzi wao wenyewe. Avast iliifunga Jumpshot mwezi huo huo. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliitaka ilipe dola milioni 16.5, ambazo ni zaidi ya Sh2 bilioni, na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo.

Ikumbukwe kwamba majina mengi tuliyoyazoea sasa yamo chini ya paa moja. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Avira ikanunuliwa na kampuni ya Norton, kisha Norton na Avast zikaungana mwaka 2022 na kuwa kampuni moja iitwayo Gen Digital. Anayehama kutoka moja hadi nyingine akidhani amebadilisha mlinzi, huenda amebadilisha sare tu.

Mtindo wa kutishia mtu kwanza kisha kumuuzia dawa nao si mgeni. Mwaka 2019, FTC iliiadhibu kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake, Support.com, kwa jumla ya dola milioni 35. Wateja walipeleka mashine zao zikapimwe bure. Wahudumu waliwauliza maswali manne, mathalani kama mashine ilikuwa nzito. Mteja akijibu 'ndiyo' kwa swali lolote, programu ilitangaza kwamba kulikuwa na dalili za virusi, kisha akauziwa matengenezo. Upimaji wenyewe haukuwa na uhusiano wowote na matokeo yaliyotangazwa.

Ikiwa hayo yalitendeka katika maduka yanayojulikana, Mkenya anapaswa kuwa mwangalifu zaidi na vidirisha vinavyozuka ndani ya kivinjari vikidai kwamba mashine yake ina virusi vitano. Tovuti haina uwezo wa kuikagua diski ya mtu kwa namna hiyo. Hapo dawa ni kukifunga kivinjari, si kubonyeza.

Ukuta wenye ufa

Baada ya siku yangu ya kwanza ya uchunguzi, nilianza kushuku kwamba swali la binti yangu lilikuwa limeelekezwa mahali pasipofaa. Tuliulizwa iwapo mlinzi alipwe au asilipwe. Hakuna aliyetuuliza hali ya ukuta.

Programu ya kukinga virusi ni mlinzi anayekagua wanaoingia. Mfumo endeshi ndio nyumba yenyewe. Kila mwezi wahandisi hugundua nyufa katika mfumo huo na Microsoft hutoa viraka vya kuziziba. Asiyepokea viraka hivyo hujenga tegemeo lake lote kwa mlinzi, ilhali mwizi anapita nyuma ya nyumba.

Mfano bora ni wa kirusi cha WannaCry kilichozuka Mei 12, 2017. Kilifunga faili za zaidi ya tarakilishi 200,000 katika mataifa yapatayo 150 na kudai kikombozi cha dola 300 kwa kila mashine. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Miadi zaidi ya 6,900 ilithibitishwa kufutwa, na makadirio rasmi yalifika 19,000.

La kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa Machi 14, 2017, takriban miezi miwili kabla. Kilikuwa cha bure. Waliokipokea hawakuguswa na mbinu hiyo ya kusambaa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Suala hili lina uzito wa kipekee kwa sasa. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya Windows 10, mfumo ulio katika tarakilishi nyingi zilizotumika ng'ambo na kuuzwa upya katika miji yetu. Iliweka muhula wa nyongeza wa viraka muhimu hadi Oktoba 13, 2026, kwa wanaojiandikisha, lakini huo ulikuwa muda wa kujipanga tu.

Kinachochanganya ni kwamba kampuni hiyo iliahidi kuendelea kuisasisha Defender ndani ya Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuiona kinga yake ina alama ya kijani kila siku, isemayo kwamba yote ni shwari, huku mfumo ulio chini yake haurekebishwi tena. Kununua kinga ya bei ghali juu ya mfumo kama huo ni sawa na kuweka kufuli jipya kwenye mlango uliooza.

Hatari zinazomkabili Mkenya

Yafaa pia kuuliza ni hatari zipi hasa zinazomnyemelea mwananchi wa kawaida. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, fedha zetu zimehamia kwenye simu na matapeli wamezifuata huko. Anayepigiwa simu na mtu anayejidai kuwa mhudumu wa kampuni ya mawasiliano, kisha akamtajia nambari yake ya siri, hawezi kuokolewa na programu iliyo kwenye tarakilishi sebuleni. Kadhalika kwa yule ambaye laini yake imehamishwa na walaghai.

Hatari ya pili ni programu za wizi. Wengi wetu hununua mashine iliyowekewa Windows na Office zisizo na leseni, zilizofunguliwa kwa vijiprogramu vya kuvunja ulinzi. Vijiprogramu hivyo ni maficho yanayopendwa na wezi wa nywila. Mara nyingi fundi huizima kinga kwanza ili viweze kuingia. Yaani mlinzi huambiwa afumbe macho, kisha mwenye nyumba anaulizwa iwapo angependa kumwongezea mlinzi huyo mshahara.

Hatari ya tatu ni kinga iliyokwisha muda. Tarakilishi nyingi mpya huja na toleo la majaribio la siku 30 hivi. Toleo hilo linapoingia, Defender hujiondoa ili walinzi wawili wasigongane. Muda wa majaribio ukiisha na mwenyewe akaliacha toleo hilo humo bila kulipa wala kuliondoa, huenda akakaa kwa muda na kinga isiyojua virusi vipya. Ama alipe, ama aliondoe kabisa na kuhakikisha kwamba Defender imewaka.

Nani basi alipe?

Haitakuwa haki kusema kwamba kulipa ni upumbavu kwa kila mtu. Mwenye biashara ndogo, awe wa duka la dawa, shule au ofisi ya wakili, anahifadhi taarifa za watu wengine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka azilinde, na leseni nyingi za bure hazimruhusu kuzitumia kibiashara. Huyo hana budi kulipia.

Mzazi mwenye mashine nne au tano, au mwana anayewasimamia wazazi wazee kutoka mbali, anaweza pia kunufaika na leseni moja inayojumuisha vifaa vyote na yenye mtu wa kupigiwa simu. Kwa mzee wa miaka 70, sauti ya mhudumu ina thamani yake.

Hata hivyo, bei ya juu haihakikishi usalama. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike, ambayo huuzia mashirika makubwa kinga za gharama, liliangusha tarakilishi milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft na kusimamisha safari za ndege katika mataifa mengi. Programu za aina hii hukaa ndani kabisa ya mashine, na zikikosea hukosea vibaya. Hii ni sababu ya kuziweka chache na kumjua anayezitengeneza.

Kwa familia ya kawaida yenye mashine moja au mbili, maoni yangu ni kwamba fedha zilizotengewa kinga zina matumizi bora zaidi. Ya kwanza ni diski ya nje ya kuhifadhia nakala, ambayo hununuliwa mara moja na kudumu miaka. Nakala ichukuliwe angalau mara moja kwa wiki, kisha diski ichomolewe, kwa sababu virusi vya kudai kikombozi hufunga kila kilichounganishwa. Mwenye nakala kabatini hana haja ya kumbembeleza mdukuzi.

Ya pili ni mfumo halali unaopokea viraka. Mashine zinazokidhi vigezo vya Windows 11 zenye leseni halali ya Windows 10 huhamishwa bure. Zisizokidhi, na nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi, zinaweza kuwekewa mfumo wa Linux usio na malipo, ambao unatosha kwa kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni. Ya tatu haina bei: nywila tofauti kwa baruapepe na benki, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili.

Siku ya pili jioni niliketi na binti yangu tukaikagua mashine. Tulipata mambo mawili. La kwanza, mradi wake wa kuhitimu, kurasa zaidi ya 80, ulikuwa mahali pamoja tu duniani, yaani ndani ya tarakilishi hiyo. La pili, mashine ilikuwa ikikidhi vigezo vya Windows 11, na tangazo la kuhamia huko bila malipo lilikuwa limetujia mara nyingi. Tulikuwa tukilifunga kila mara kwa sababu lilikuja kwa upole na lilitaka kutumia bando.

Tangazo jekundu ndilo lililotuamsha, na ndilo ambalo halikuwa na la kutufaa.

Hatukulipa. Tuliiondoa programu iliyokuwa ikitupigia kelele, tukawasha Defender, tukanunua diski ya nje, tukanakili mradi na picha za familia, kisha tukaiacha mashine ijisasishe usiku kucha. Asubuhi binti yangu aliniuliza iwapo sasa tuko salama kabisa. Nilimjibu kwamba hakuna aliye salama kabisa, ila mradi wake hauwezi tena kupotea kwa kubonyeza mara moja.

Msomaji ambaye usiku wa leo atatokewa na kidirisha hicho asikimbilie kadi ya benki. Aangalie kwanza kama mfumo wake ungali unapokea viraka, na iwapo picha na nyaraka zake zina nakala mahali pengine. Akishapata majibu ya maswali hayo mawili, lile la kulipa au kutolipa litamwia jepesi.